Baiskeli kwenye barabara tulivu za vijijini Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Julai watu hukaa mbele ya televisheni kuangalia mashindano ya baiskeli ya Tour de France, wakaona vijiji vya mawe, mashamba ya alizeti na vibarabara vyembamba vinavyopanda kilimani, kisha simu yangu huanza kuita. Maswali yalianza enzi za Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea avae jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi mpaka mwisho wa mashindano mjini Nice mwaka 2024, yamekuwa mengi zaidi. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Je, kweli kuna barabara za lami zisizo na magari?

Zisizo na gari kabisa ni chache. Zenye gari moja kila baada ya dakika 10 au 15 ni nyingi kuliko utakavyoweza kuzimaliza maishani mwako.

Sababu yake iko kwenye historia. Mwaka 1836 Ufaransa ilipitisha sheria iliyovibana vijiji vijenge na kutunza njia za kuunganisha kijiji na kijiji. Nchi ile ina karibu komuni 35,000, yaani serikali ndogo za kijiji au mji, kila moja ina meya wake, na kila meya alitaka njia ya kufika kwa jirani, sokoni, kinuni na kituo cha treni. Baadaye watu wakahamia mijini, barabara zikabaki. Leo mtandao wote unazidi kilomita milioni moja, na sehemu kubwa ni hizo barabara ndogo za komuni. Zimetiwa lami, zinazibwa mashimo, na wanaozitumia ni mwenye trekta, mtu wa posta na wewe.

Ukitazama ramani ya wakazi utaona ukanda wenye watu wachache unaokatiza nchi, kuanzia Meuse kaskazini-mashariki hadi Landes kusini-magharibi. Wafaransa wenyewe huuita "mshazari wa utupu". Wanaoishi humo hawalipendi jina hilo, na wana haki. Ila kwa mtu mwenye baiskeli, huo ndio ukanda wa kuuwekea kidole.

Nitaitambuaje barabara tulivu kabla sijafika?

Hapa usome polepole, maana ukilielewa hili mengine ni mepesi.

Barabara za Ufaransa zina herufi. A ni barabara kuu ya mwendokasi, baiskeli marufuku. N ni barabara ya taifa. Vipande vingi vinaruhusiwa, lakini malori yake yatakukausha koo. D ni ya mkoa, yaani département. C, au VC, ni ya komuni. Pembeni mwa barabara bado yapo mawe ya kilomita yenye kofia ya rangi: nyekundu ni N, njano ni D. Ukiona kofia nyekundu, tafuta njia ya kutokea.

Kazi iko kwenye D, kwa sababu herufi hiyo imebeba mapana na membamba. Ipo D inayopita katikati ya malisho, ina upana wa trekta moja na nyasi zimeota katikati ya lami. Ipo pia D ambayo ni barabara ya taifa iliyobadilishwa jina: mwaka 2006 serikali kuu iliikabidhi mikoa kilomita zipatazo 18,000 za zilizokuwa N, na nyingi zikapewa namba za mamia zinazoanza na 6, 8 au 9, au namba za maelfu. D 820, kwa mfano, ni N 20 ya zamani. Ukidhani ni njia ya kijijini kwa sababu ya D, utajikuta ubavuni mwa lori la mafuta. Tena kila mkoa una mpango wake wa namba, hivyo barabara ileile hubadilika namba unapovuka mpaka. Usishtuke, hujapotea.

Mimi hutegemea rangi kuliko namba. Kwenye ramani za karatasi za Michelin, barabara nyekundu ni ya magari, ya njano ni ya kufikiria mara mbili, nyeupe ni yako. Nyeupe yenye mstari wa kijani pembeni ni nyeupe yenye mandhari ya kupendeza. Vialama vidogo vya mshale juu ya barabara ni miinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo, na ncha yake inaelekea juu. Ukiona vitatu mfululizo, kula kwanza.

Kanuni yangu ni hii: chora safari kutoka kijiji hadi kijiji kwa nyeupe tupu, na kila unapolazimika kuvuka au kupita ya njano, hakikisha hazizidi kilomita 2 au 3 kwa mkupuo. Inarefusha njia kwa robo hivi. Hiyo robo ndiyo uliyoifuata Ufaransa.

Programu ya simu si inatosha?

Inakufikisha, ila haijui utulivu ni nini. Nyingine zitakupitisha barabara ya malori kwa sababu ni fupi, nyingine zitakupeleka kwenye njia ya shamba ambayo mwezi wa Juni ni vumbi na Novemba ni tope la kumeza rimu. Panga jioni ukiwa na ramani, halafu hiyo njia iweke kwenye simu. Ramani za IGN, taasisi ya taifa ya ramani, zinaangaliwa bure kwenye intaneti, na zinaonyesha mpaka kisima.

Na vibao vya barabarani?

Kibao kitakachokuhadaa kuliko vyote ni "Toutes directions", yaani pande zote. Mgeni hukiona akafurahi: pande zote, basi na upande wangu umo! Umo, ila kwa kupitia kiplefti kikubwa na barabara ya kuzunguka mji. Kibao hicho kimewekwa kwa ajili ya magari. Wewe fuata jina la kijiji cha jirani, hasa lililoandikwa kwenye kibao kidogo cheupe kilichopauka.

Kibao cha buluu cha mraba chenye picha ya gari jeupe maana yake ni barabara ya magari tu. Usiingie hata kama haina herufi A. "Gravillons" ni kokoto: majira ya joto mafundi humwaga lami ya moto na kutandaza kokoto juu yake ili magari yenyewe yaishindilie. Kwa siku kadhaa kona hizo ni kama kukanyaga mtama. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake.

Na ukikuta kibao cha jina la kijiji kimegeuzwa kichwa chini, hakuna aliyelewa. Mwishoni mwa 2023 wakulima vijana wa mkoa wa Tarn walianza kuvigeuza kulalamikia sera za kilimo, mtindo ukaenea nchi nzima, na vingine vimebaki hivyo.

Njia za baiskeli zilizotengwa, zile "voies vertes", si ndizo nzuri zaidi?

Ni nzuri, lakini si kwa kila mtu wala kwa kila baiskeli.

Nyingi zilikuwa reli. Mwishoni mwa karne ya 19 Ufaransa ilijenga reli ndogo kila pembe, magari yakaziua, na vyuma viking'olewa kinabaki kitu kizuri sana: njia ya tambarare, yenye madaraja na mahandaki yake. Ya mwanzo kufanywa hivyo ni ile ya Givry hadi Cluny, Burgundy kusini, kilomita 44, iliyofunguliwa 1997. Unapita kwenye mizabibu, vituo vya zamani vimekuwa nyumba za watu au mikahawa, na kupanda hakufiki asilimia 3. Ukiendelea kuelekea Mâcon kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6 chini ya kilima. Majira ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo, inabidi upite juu. Ndani kuna baridi hata mwezi wa Agosti, vaa koti.

Nyingine zinafuata maji. Mfereji wa Nantes hadi Brest, huko Bretagne, una zaidi ya kilomita 360 za kando ya maji. Mfereji wa Midi kutoka Toulouse hadi Sète ni karibu kilomita 240, ila ukishatoka mkoa wa Haute-Garonne lami inaisha na kuanza mizizi ya miti na mawe. Watu wenye matairi membamba huulaani. La Loire à Vélo, ya kilomita 900 hivi kufuata mto Loire, ndiyo maarufu kuliko zote na ina vipande vingi vya barabara ndogo zilizochanganyika na njia maalumu.

Kasoro yake? Umaarufu wenyewe. Jumapili ya Julai utakuta familia nzima imetanda, mtoto ana baiskeli ya magurudumu matatu, bibi ana mbwa mwenye kamba ya mita 5. Wana haki kuliko wewe, kwani njia hizi ni za waenda kwa miguu na farasi pia. Ukitaka mwendo, au ukitaka kusikia mnyororo wako tu, rudi kwenye barabara nyeupe. Mimi huzitumia kutokea mjini, nikifika shambani nageuka kushoto.

Nikipata siku chache tu, nianzie wapi?

Nikilazimika kutaja mahali pamoja tu, nitataja uwanda wa juu wa Millevaches, huko Limousin, katikati ya nchi. Jina ukilisikia kwa Kifaransa cha kawaida ni "ng'ombe elfu", na ng'ombe wapo kweli, wale wekundu wa Limousin, lakini kilichozidi ni maji: mito ya Vienne, Vézère na Creuse inaanzia huko. Miinuko yake ya juu kabisa inakaribia mita 1,000. Tangu 2004 ni hifadhi ya mazingira ya kimkoa.

Panda treni ya Limoges kwenda Ussel, shuka Eymoutiers. Toka mjini kwa kufuata Nedde, kisha Faux-la-Montagne, kisha Gentioux, ukikwepa barabara ya moja kwa moja kila unapopata kijibarabara cha pembeni. Ni msitu, uwazi, kijito, nyumba tatu za mawe ya matale, kisha msitu tena. Hakuna tambarare wala hakuna mlima wa kutisha. Ni kupanda dakika 10, kushuka dakika 4, siku nzima. Jihadhari na malori ya magogo tu, maana huko wanavuna misonobari. Utalisikia mapema, sogea pembeni likupite.

Gentioux usipite mbio. Katikati ya kijiji kuna mnara wa kumbukumbu ya vita ya kwanza ya dunia, wa mwaka 1922. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa namna hiyo, na mingi ina askari shujaa au jogoo. Huu una mtoto wa shule, yatima, amevaa viatu vya mbao, kofia ameivua ameishika mkononi, na mkono mwingine amekunja ngumi kuelekea maneno yaliyochongwa: "Maudite soit la guerre", yaani ilaaniwe vita. Juu yake ni orodha ya majina. Nilisimama pale kunywa maji, nikaanza kuhesabu majina ya ukoo mmoja yanayojirudia, nikasahau kunywa.

Kutoka hapo teremka kwenye ziwa la Vassivière, la kutengenezwa na bwawa la umeme, karibu hekta 1,000, zunguka upande wake mmoja, kisha Peyrat-le-Château na kurudi Eymoutiers kupanda treni. Mwenye nguvu atamaliza siku moja. Mwenye akili atalala ziwani.

Mengine kwa ufupi. Gers, kusini-magharibi, ni vilima kama mawimbi, alizeti, na miji midogo ya zamani. Fourcès imejengwa duara, na Lupiac ndiko alikozaliwa d'Artagnan wa kweli, askari aliyepata umaarufu kwa riwaya ya The Three Musketeers. Morvan, Burgundy, inafanana na Millevaches ila iko karibu zaidi na Paris. Causse Méjean, mkoa wa Lozère, ni uwanda mkavu wa mita 1,000 usio na kivuli, unaofikiwa kwa kupanda kutoka kwenye makorongo ya mto Tarn au mto Jonte. Chini kumejaa watalii wa mitumbwi, juu kuna kondoo na tai. Lozère yote ina wakazi wasiozidi 80,000, hata tarafa moja ya kwetu inaweza kuwazidi. Kuhusu Mont Ventoux, mlima maarufu wa Tour de France, nenda ukitaka kuweza kusema ulikwenda. Utulivu haupo huko.

Ni baiskeli gani inafaa?

Yoyote unayoweza kuipandisha mlima nusu saa bila kushuka. Lami ya komuni ni ngumu na ya kukwaruza, si kama ile ya televisheni ambayo mara nyingi hutengenezwa upya kabla ya mashindano. Tairi la milimita 28 hadi 32, lisijazwe upepo mpaka likawa jiwe, litakuokoa mikono na mgongo. Gia ya chini iwe nyepesi kweli. Gia kubwa ni za mashindano na za picha. Beba tyubu mbili, viraka na solushoni, pampu, na kiungo cha kuungia mnyororo, kwa sababu fundi wa karibu anaweza kuwa kilomita 40 mbali na Jumatatu hafungui.

Nitakula wapi, na maji nitapata wapi?

Maji: makaburini. Usicheke. Karibu kila kijiji kina makaburi yaliyozungushiwa ukuta, na ndani ya lango kuna bomba, kwa sababu familia huja kumwagilia maua. Unasukuma lango la chuma linalia, unaingia kwa adabu, kofia ya baiskeli mkononi, unajaza chupa chini ya msonobari. Soma kibao kwanza: "eau potable" ni ya kunywa, "eau non potable" siyo. Wenyeji hawashangai kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa akipangusa kaburi la mumewe alinielekeza bomba la pili, akasema lile la kwanza huwa la moto mchana. Funga lango ukitoka.

Chakula ndicho kinachowaumbua wageni. Duka kijijini hufungwa saa 6 au 6:30 mchana mpaka saa 8 au 9. Jumapili mchana kila kitu kimelala. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa waliofanya kazi Jumapili asubuhi hupumzika siku hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilifika kijiji kimoja Jumatatu saa 6:20 nikiwa na nusu ndizi. Duka la mikate limefungwa, mkahawa umefungwa, na kibao cha kijiji kinachofuata kinasema kilomita 19. Aliyeniokoa ni mashine. Kando ya ofisi ya meya palikuwa na kabati la chuma lenye dirisha: unatumbukiza sarafu ya euro moja na senti kidogo, linakohoa, mkate mrefu unaanguka. Nimekula mikate mingi mizuri zaidi ya ule. Sijawahi kuula mwingine kwa haraka vile.

Basi: nunua asubuhi, beba kwenye mfuko wa usukani, na ukiona duka limefunguliwa, nunua hata kama huna njaa. Ukitaka chakula cha kukaa mezani, tafuta mkahawa wenye magari ya mafundi nje, uwe umefika saa 6 kamili mchana. Saa 7:45 utaambiwa jiko limefungwa, na hapo hakuna kubembeleza.

Kwa anayekula halali, mikate, mayai, jibini na matunda vinapatikana popote, lakini nyama ya halali vijijini usiitegemee. Uliza pia kuhusu mafuta ya nguruwe; baadhi ya mikate ya chumvi na mboga za kuchemsha huwekewa vipande vya nyama yake.

Ni miezi gani na saa gani nzuri?

Mei, Juni na Septemba. Mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo hakuna cha kukukimbiza. Julai na Agosti Wafaransa wako likizo, na kusini joto huvuka digrii 35 siku za mawimbi ya joto. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji: ukiona kibao "Chasse en cours" pembeni mwa msitu, baki kwenye lami na uvae rangi kali.

Kuhusu saa, kuna siri ya wazi: saa 6 hadi saa 8 mchana barabara ni tupu kabisa. Taifa zima liko mezani. Asubuhi saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu ni magari ya shule na kazini, na jioni saa 11 hadi 12:30 wanarudi. Hata barabara ya njano inapitika wakati wa chakula cha mchana.

Upepo nao upewe heshima yake. Bonde la Rhône lina mistral, upepo wa kutoka kaskazini unaoweza kukusimamisha ukiwa unateremka. Pita bonde hilo kutoka Lyon kwenda baharini, siyo kinyume. Bretagne na Loire upepo huja zaidi kutoka baharini, magharibi.

Sheria zinasemaje?

Nje ya miji dereva anatakiwa akuache mita 1.5 anapokupita, mjini mita 1, na anaruhusiwa kukanyaga mstari mzima ili akupishe iwapo anaona mbele. Tangu Julai 2018 mwendo wa kawaida kwenye barabara za njia mbili ni kilomita 80 kwa saa, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90 kwenye vipande fulani.

Kwako wewe: taa nyeupe au njano mbele na nyekundu nyuma kukiwa giza, kengele, kizibao cha kuakisi mwanga usiku au ukungu ukiwa nje ya mji, hakuna spika za masikioni, hakuna simu mkononi. Simu mkononi faini yake ni euro 135. Helmeti ni lazima kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Mkubwa anaachiwa busara yake. Mnaweza kwenda wawili sambamba, ila giza likiingia au gari likitaka kupita mnafuatana.

La hatari kwa mgeni ni kipaumbele cha kulia. Ndani ya vijiji, pasipo na kibao, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama anatokea kwenye kichochoro chembamba. Anakijua kichochoro chake miaka 60, naye hatazami.

Watanipokeaje? Mimi ni mweusi, na Kifaransa changu ni cha kuokoteza.

Watakutazama. Kijiji chenye watu 150 kinamtazama hata Mfaransa wa kijiji cha pili. Neno moja linabadilisha hali ya hewa: "Bonjour", useme kabla ya jambo lolote, unapoingia dukani, kwa kila aliyemo. Mtu wa pwani hapati taabu hapo, ni hodi na salamu tu. Anayeingia na kuuliza bei moja kwa moja huhesabiwa hana adabu, awe na rangi gani. Siwezi kukuahidi kwamba hutakutana na uso uliofumba. Nimekutana nao mara mbili tatu. Ila waliotaka kujua ninatoka wapi, ninakwenda wapi na kwa nini sikupita barabara nyingine ni wengi mno, na baiskeli ndiyo inayoanzisha mazungumzo.

Visa je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Schengen, siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Ukiomba, andika ratiba ya miji utakayolala.

Baiskeli inapanda treni?

Treni za mikoa, TER, nyingi zinabeba bure. Kuna ndoano au sehemu yenye alama ya baiskeli. Baadhi ya njia zinataka nafasi iwekwe mapema majira ya joto. TGV, treni za mwendokasi, ni jambo jingine: ama ulipie nafasi ya baiskeli kwenye treni zilizo nayo, ama uifungue magurudumu na kuitia kwenye mfuko.

Nitalala wapi?

Kambi za mahema za komuni ndizo rafiki wa mfuko: nyasi, bafu la maji ya moto, mtoza pesa anayepita jioni. Nyingi hufungwa majira ya baridi. Vyumba vya majumbani, "chambres d'hôtes", ni ghali zaidi lakini kifungua kinywa chake kinatosha mpaka mchana. Alama ya "Accueil Vélo" mlangoni maana yake wana mahali salama pa kuiweka baiskeli usiku.

Mbwa?

Mbwa wa nyumbani hubweka mpaka mwisho wa uzio wake, basi. Mwenye kuheshimiwa ni patou, yule mkubwa mweupe anayelinda kondoo milimani, Alps na Pyrenees. Yeye hajui kuwa wewe ni mtalii. Usikimbie, usimrushie jiwe. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, ongea kwa sauti ya chini kwa lugha yoyote, tembea taratibu ukilizunguka kundi kwa mbali. Mimi humwongelesha Kiswahili. Hakuna aliyelalamika mpaka sasa.

Nikikuta "Route barrée" na sina njia nyingine?

Barabara imefungwa. Michepuko iliyoandikwa imepangwa kwa ajili ya malori na inaweza kukuongezea kilomita 15. Mara nyingi kilichoko mbele ni mafundi wanne na mtaro, na baiskeli inabebwa begani. Muulize mtu wa kwanza unayemkuta: "Ça passe à vélo?" Akiinua mabega na kukunja midomo, jaribu. Akitikisa kichwa na kusema "pont", daraja limeondolewa, geuza.